Nani Aliyelima Miteremko ya Mbulu?

Mwaka 1938 ofisa kilimo mmoja wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, B. J. Hartley, alichapisha katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki makala fupi kuhusu jinsi Wairaqw wa Mbulu wanavyolinda udongo wao. Kichwa cha makala kilikiri waziwazi kwamba utaratibu huo ni wa wenyeji wenyewe. Mwaka huohuo A. H. Pike aliandika katika Tanganyika Notes and Records kuhusu ngoro, mashimo ya kilimo ya Wamatengo kule Mbinga, na miaka miwili kabla ya hapo D. Thornton na N. V. Rounce walikuwa wameeleza kilimo cha Wakara katika kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba watawala hawakujua. Walijua, wakaandika, wakapiga chapa. Hata hivyo haikupita miaka kumi na tano kabla ya serikali hiyohiyo kuenea vijijini na mipango ya kuwafundisha Waafrika kutunza ardhi, tena kwa faini na amri. Milima ya Uluguru ndiyo iliyojibu kwa ghasia mwaka 1955, watu walipochoka kulazimishwa kuchimba matuta wasiyoyataka. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: ujuzi ulioandikwa na kusifiwa unawezaje kupotea machoni pa waliousifu, na baadaye hata machoni pa wenye nao?

Ninavyoona, ujuzi huo haukukanushwa. Ulipewa mwenyewe mwingine, na saikolojia ina mfano wa jambo hilo. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani waliokuwa Georgia, Pauline Clance na Suzanne Imes, walieleza hali waliyoikuta kwa wanawake zaidi ya 150 waliofaulu masomoni na kazini. Vyeti walikuwa navyo, vyeo walikuwa navyo, na sifa za wenzao pia. Lakini nafsini kila mmoja alijiona tapeli anayengoja kuumbuliwa. Kiini cha hali hiyo kilikuwa namna ya kuhesabu sababu. Akifaulu, alisema ni bahati, au waliomchagua walikosea, au alipendwa tu. Akishindwa, alisema hapo ndipo hali yake halisi ilipojitokeza. Mtu wa namna hiyo hakosi ushahidi wa uwezo wake. Anao tele, ila kila unapomfikia anauandika kwenye daftari la mtu mwingine. Historia ya kilimo cha Mbulu ni kisa cha jambo hilihili likifanyiwa kabila zima, kwa muda wa karne moja: kazi yao iliandikwa kwanza kwenye daftari la damu, kisha la hofu, kisha la serikali. Tukifuatilia maandishi hayo moja baada ya jingine tutaona pia jinsi ya kuyasahihisha.

Tuanze na kazi yenyewe, maana ndiyo inayosahaulika mapema. Kitovu cha nchi ya Wairaqw ni nyanda za juu za Kainam na Murray, wanakokuita Irqwa Da'aw, zilizoegemea ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Ziwa Manyara. Ardhi ni ya vilima na vibonde vilivyobanana, mvua ikinyesha inashuka kwa nguvu, na udongo ukiachwa wazi unakwenda nayo. Wakulima wa huko waliikabili hali hiyo kwa kazi ndogondogo zisizokoma. Walikata makinga maji na matuta yanayofuata usawa wa mteremko, wakachimba mitaro ya kuyapa maji njia yasipite katikati ya shamba, wakafukia nyasi na mabua ardhini yaoze. Ng'ombe walilala ndani ya nyumba pamoja na watu, na samadi ikatolewa kila mara na kusambazwa shambani, mashamba ya karibu na nyumba yakipata nyingi zaidi. Mabondeni, palipo na maji ya kutwama, walichimba mifereji ya kuyaondoa na kuinua matuta ya viazi vitamu, ili kiangazi kisikute nyumba haina chakula. Mtama, ulezi, mahindi, maharage na maboga vilichanganywa na kupokezana. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi inayoshangaza ikitazamwa peke yake. Linaloshangaza ni kwamba zote zinategemeana: ukiacha ng'ombe samadi inakosekana, ukikosa samadi shamba dogo halilishi familia, ukilima bonde lote ng'ombe hana malisho. Kuzishika pamoja mwaka hadi mwaka, bila kitabu, kunahitaji kichwa kinachopima na kukumbuka. Kunahitaji pia uvumilivu wa kufanya leo kazi ambayo faida yake ataiona mjukuu, kwa sababu tuta la mteremkoni halijengwi kwa msimu mmoja.

Daftari la kwanza lilikuwa la damu. Wairaqw wanasema lugha ya Kikushi, jamaa wa mbali wa lugha za Ethiopia na Somalia, na jambo hilo liliwavutia mno wasomi wa Ulaya wa miaka ya 1930. C. G. Seligman alikuwa ameshaandika mwaka 1930 kwamba ustaarabu wa Afrika ni kazi ya watu aliowaita Wahamiti, waliotoka kaskazini na kuwapita wengine kwa asili. G. W. B. Huntingford naye mwaka 1933 alikusanya matuta, visima na barabara za kale za Kenya na jirani zake, akavipa ustaarabu mmoja aliouita wa Kiazania. Magofu ya Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kaskazini mwa Mbulu, yakaingizwa katika mazungumzo hayohayo. Nadharia hii imeshazikwa na sina haja ya kuifukua. Itoshe kusema kwamba ilikuwa sifa yenye sumu: ilimwambia mkulima wa Kainam kwamba shamba lake ni zuri kwa sababu ya babu zake wa mbali, wala si kwa sababu ya mgongo wake na macho yake. Nayo ilishindwa na jambo dogo tu. Wamatengo na Wakara ni Wabantu, na kilimo chao hakikuwa duni hata kidogo mbele ya kile cha Mbulu.

Daftari la pili ni la hofu, na hili limedumu zaidi kwa sababu lina ukweli ndani yake. Lilisema hivi: Wairaqw walizingirwa. Wamaasai walikuwa kaskazini na mashariki, Wadatoga magharibi na kusini, wote wafugaji na wapiganaji. Kwa hiyo wakulima walibanwa mlimani, wakaongezeka wasipate pa kwenda, na mwishowe wakalazimika kuchimba matuta ili wasife njaa. Ushahidi ulionekana kuwa wazi. Katikati ya miaka ya 1950 Henry Fosbrooke alieleza jinsi nyumba za Kiiraqw zilivyochimbwa ubavuni mwa kilima, paa la udongo likiwa sawa na ardhi ya nyuma yake, ili adui apite asizione. Hakuna anayechimba nyumba ya namna hiyo kwa kujifurahisha. Hata hivyo tuangalie nadharia hii ilikotufikisha. Ilichukua kazi ya vizazi kadhaa ikaifanya kuwa itikio, mfano wa mkono unaoondolewa motoni. Mmaasai akawa ndiye mwenye matuta, kwa kuwa bila mkuki wake yasingekuwapo.

Mwaka 2004 Lowe Börjeson wa Chuo Kikuu cha Stockholm alitoa utafiti mzima kuhusu historia ya kilimo cha Mbulu, na nadharia ya kuzingirwa ndiyo aliyoiweka kwenye mizani. Alionyesha kwamba matuta na mitaro ya Irqwa Da'aw haikuzuka kama jibu la dharura. Ilikua polepole, nyongeza juu ya nyongeza, katika kazi za kila siku za kila kaya. Miaka mitatu baadaye akaandika makala iliyogeuza hoja ya Ester Boserup, mchumi wa Denmark aliyefundisha tangu mwaka 1965 kwamba watu wakiongezeka ndipo hulazimika kulima kwa bidii zaidi. Mbulu, alisema Börjeson, mwendo ulikuwa wa kurudi nyuma: ardhi iliyokwisha kutengenezwa ndiyo iliyovuta watu. Jambo hili linaafikiana na lile ambalo Wairaqw wenyewe husimulia kuhusu koo zao, kwamba nyingi zilitoka nje, nyingine kwa Wadatoga haohao wanaosemwa kuwa wazingiraji. Mtu hakimbilii mahali penye dhiki. Anakwenda palipo na chakula, na chakula kilikuwapo kwa sababu kuna waliojua kukitoa.

Atakayeitetea nadharia ya kuzingirwa ana hoja mbili zinazostahili jibu. Ya kwanza ni kwamba mashambulizi yalikuwa ya kweli. Ndiyo, yalikuwa ya kweli, na nyumba zilichimbwa kwa ajili hiyo. Lakini hofu inaweza kumwambia mtu asitoke. Haiwezi kumwambia mtaro uelekee wapi. Wamatengo nao wanaelezwa kwa hoja ileile, kwamba Wangoni waliwasukuma milimani. Iwapo hofu ndiyo mwalimu, mbona somo lilitoka tofauti? Wamatengo walichimba mashimo ya ngoro yenye kingo za nyasi zilizofukiwa. Wairaqw wakakata makinga maji na kutegemea samadi ya ng'ombe wa nyumbani. Wakara, ambao walibanwa na maji ya ziwa, wakafuga ndani na kupanda miti ya kulisha mifugo. Na wako waliovamiwa vilevile katika karne ya 19 wasiache tuta hata moja. Shida inaeleza kwa nini mtu alitafuta njia. Njia ipi aliipata, hilo linaelezwa na akili yake.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na inatuleta Tumati, kusini mwa Mbulu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, Wamaasai wakadhoofika kwa njaa, ndui na vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha Wajerumani wakaweka utawala wao. Njia zikafunguka. Wairaqw wakaanza kushuka kutoka Kainam na Murray kwenda pande zote: kaskazini hadi Karatu na Mbulumbulu, magharibi na kusini kupitia Dongobesh na Tumati hadi nchi inayopakana na Hanang, kote huko wakikuta ardhi pana kuliko waliyoiacha. Na huko wengi hawakulima kama walivyolima nyumbani. Walifuga zaidi, wakalima maeneo makubwa zaidi, na baadaye wakachukua jembe la kukokotwa na ng'ombe, kisha trekta. Basi, husema watetezi, si mnaona? Mzingiro ulipoondoka, matuta nayo yakaachwa.

Hoja hii inaonekana kali mpaka tuulize mkulima mahiri angefanya nini penye ardhi tele na mikono michache. Angelima vilevile kama penye ardhi haba na mikono mingi? Kama angefanya hivyo, hapo ndipo tungesema anafuata mazoea bila kuelewa. Aliyehamia Tumati alibeba elimu ya miteremko akaitumia pale ilipolipa, akapumzisha nyingine pale isipolipa. Kubadili njia kwa kadiri ya mahali ni dalili ya ujuzi. Tena kuna upande wa pili ambao nadharia haiutazami: waliobaki Kainam na Murray hawakuacha. Hapakuwa tena na mkuki wa kuwatisha, njia ya kutoka ilikuwa wazi, na bado mitaro ilichimbuliwa na samadi ikabebwa katika utawala wa Mjerumani, wa Mwingereza na baada ya Uhuru. Sababu iliyokoma zaidi ya miaka mia moja iliyopita haiwezi kueleza kazi inayoendelea.

Kuhama kwenyewe kulikuwa na utaratibu unaofaa kutazamwa. Robert Thornton, aliyeandika kitabu kuhusu Wairaqw mwaka 1980, alieleza kwamba eneo jipya halikuwa nchi ya watu mpaka wazee walipoliwekea mipaka na kuliombea. Eneo hilo huitwa aya, na kila aya ilikuwa na msemaji wake, kahamusmo, ambaye hakuwa mtemi wala mfalme. Watu hawa hawakuwa na serikali kuu kabla ya ukoloni. Makazi mapya ya kusini mwa Mbulu yalitokana na mikutano, makubaliano na dua za watu wa kawaida, na kwangu huu ni ustadi mwingine uliokosa kuhesabiwa, pengine kwa sababu haukuacha jiwe la kupigwa picha.

Daftari la tatu, la serikali, lilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Mpango wa maendeleo wa Mbulu ulikusudia kufyeka vichaka vyenye mbung'o, kuchimba malambo na kupunguza mifugo kwenye nyanda zilizosongamana. Charles Meek, aliyekuwa mkuu wa wilaya, aliandika mwaka 1953 kuhusu kupunguza mifugo huko, na Mbulu ikawa mfano wa kutajwa kwa sababu shughuli iliyozua uhasama kwingine ilikubalika hapo. Hapa msomaji makini atanikatiza: kama Wairaqw walikuwa mabingwa wa udongo, mmomonyoko wa miaka ile ulitoka wapi? Swali ni la haki, na mmomonyoko ulikuwapo. Malisho yaliyokanyagwa na ng'ombe wengi yalichanika makorongo, na anayesema wakulima wa zamani hawakukosea kamwe anaandika ngano. Lakini tuhesabu sababu zote. Mbung'o walifunga ardhi kubwa ya pembezoni, na kaskazini sehemu za Oldeani zilikuwa zimegawiwa walowezi wa kizungu kwa mashamba ya kahawa. Na kuhusu kufaulu kwa mpango, ripoti ziliweka sifa kwa ofisa. Ofisa alileta fedha na mashine. Waliokubali kuuza ng'ombe, jambo gumu kuliko yote kwa mfugaji, ni wazee waliopima na kuona kwamba malisho mapya yanafaa kulipiwa. Bila uamuzi wao, Mbulu ingekuwa Uluguru nyingine.

Uhuru haukulifunga daftari hilo. Mwezi Mei 1972 Azimio la Iringa, Siasa ni Kilimo, liliwahimiza wakulima wa nchi nzima waache kilimo cha mazoea na kushika kanuni bora, samadi na kutunza udongo vikiwa miongoni mwake. Kwa mkulima wa Murray hilo lilikuwa kuhimizwa na wageni kufanya ambayo Hartley alikuwa ameyachapisha miaka 34 kabla. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, ikamilike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Operesheni Vijiji ikafika nchi ya Wairaqw, na kaya zilizokuwa zimetawanyika migongoni mwa vilima, kila moja jirani na shamba lake na samadi yake, zikasogezwa kwenye makazi ya mistari. Yusufu Lawi, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameichambua operesheni hiyo upande wa mashariki wa nchi ya Wairaqw, na anaonyesha jinsi ilivyopuuza elimu ya mazingira waliyokuwa nayo wenyeji, elimu iliyofungamana na mahali hasa: chemchemi hii, mgongo ule, msitu usiokatwa kwa sababu ya heshima. Ukimhamisha mtu kutoka hapo unamwacha na elimu isiyo na pa kusimama. Sina shaka kwamba shule, zahanati na maji ya bomba vilivyofuata vijiji vilikuwa vya maana, na wako wengi wasingerudi migongoni hata wakiombwa. Lakini bei ilikuwa hii: kizazi kilichokua baada ya hapo kilijifunza kwamba kujua kunatoka ofisini, na kwamba alichojua baba ni mazoea.

Mtu akitaka kuona dharau ya namna hiyo ikifika mwisho wake, avuke aingie Hanang. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika la umma la kilimo, NAFCO, kwa msaada wa Canada, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Basotu, yakafikia karibu ekari 100,000. Ardhi hiyo ilionekana tupu. Ilikuwa malisho ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga, ambao walihamisha ng'ombe kwa mzunguko kufuata mvua, maji na hali ya nyasi. Charles Lane, katika kitabu chake cha mwaka 1996, alieleza kwamba malisho waliyoyaita muhajega, yaliyokuwa bora kuliko yote, ndiyo yaliyolimwa. Kwa hiyo ekari zilizochukuliwa zilikuwa sehemu ya wilaya tu, lakini mzunguko mzima uliharibika. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikakipa haki, na katika rufaa ya mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo, ikisema kijiji hakikuthibitisha kugawiwa ardhi kisheria na kwamba wanakijiji walipaswa kuthibitisha kuwa wao ni wenyeji. Mwaka 1987 amri ya serikali ikafuta haki za kimila za ardhi katika vijiji kadhaa vya Hanang. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Canada ikaondoa msaada wake. Watu waliokuwa wamechunga hapo kwa vizazi walitakiwa waonyeshe karatasi. Nyasi zilizoliwa na kuota tena chini ya usimamizi wao hazikuwa ushahidi.

Kuna watakaosema nimeifikisha mbali saikolojia ya ofisini. Mwanamke wa Georgia anayeogopa kuumbuliwa kazini hafanani na mkulima wa Tumati, na huenda mkulima huyo hajawahi kujitilia shaka hata siku moja. Nakubali kwamba sina kipimo cha nafsi za watu wa mwaka 1938. Ninachodai ni kidogo zaidi: kwamba shaka ya nafsi ina historia, na mara nyingi huanzia kwa anayehesabu sababu. Hata huko Marekani fikra hiyo imekosolewa kwa mkondo huu. Mwaka 2021 Ruchika Tulshyan na Jodi-Ann Burey waliandika katika Harvard Business Review kwamba ni makosa kuwaambia wanawake watibu hofu yao, ilhali mahali pa kazi panapowatilia shaka kila siku hapaguswi. Msichana wa Mbulu anayeingia chuo kikuu huku akiamini kwamba amefika kwa bahati, kwa kuwa ametoka kijijini kwa watu wasiojua kitu, hakuizua imani hiyo mwenyewe. Aliikuta imeandikwa.

Wengine watauliza kama dawa basi ni kujiamini. Historia ya nchi hii inatuonya. Mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 Kongwa, Urambo na Nachingwea uliongozwa na watu waliojiamini kupita kiasi: walipanga kulima zaidi ya ekari milioni 3, na ulipofutwa mwaka 1951 ulikuwa umemeza takriban pauni milioni 36 za Waingereza. Wenyeji wa Kongwa walijua ardhi yao na uchache wa mvua yake. Wataalamu wale hawakupungukiwa na ujasiri. Walipungukiwa na hesabu: hawakuwa na mavuno hata ya msimu mmoja ya kuonyesha pale kabla ya kuanza. Mkulima wa Murray alikuwa na mavuno ya vizazi na hakuna aliyeyahesabu kuwa cheti. Kutambua uwezo wako ni kuliweka kila jambo mahali pake: hili ni mvua, hili ni msaada wa jirani, hili nimekosea, na hili nimelifanya kwa sababu nalijua. Aliyehamia Tumati aliweza kutenganisha hayo. Vinginevyo asingejua tuta lipi alichukue na lipi aliache.

Kazi ya kulisahihisha daftari bado ipo, na ina muda wake. Makala ya Hartley, tasnifu ya Börjeson na uchambuzi wa Lawi vyote viko kwa Kiingereza, katika maktaba ambazo mkulima wa Mbulu haingii. Aliyekuwa na umri wa miaka ishirini siku kaya zilipohamishwa mwaka 1974 sasa amepita sabini. Walimu wa shule za Mbulu na Hanang, maofisa ugani, na vijana wa Tumati wanaosoma kilimo Chuo Kikuu cha Sokoine na kwingineko: nendeni kwa wazee hao na kalamu, muwaulize mtaro ulikatwaje na kwa nini hapo, ng'ombe wangapi walitosha shamba la ukubwa gani, na walipohamia bondeni waliacha nini na kwa hesabu ipi. Andikeni kwa Kiswahili na kwa Kiiraqw, na majina ya waliofanya kazi yawekwe juu ya ukurasa.